Jengo Nililompatia Shangazi

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo! Nimeenda kazini na Shangazi. Kampuni yao inapangisha ofisi na maduka. Shangazi anajua kila jengo hadi mabomba yake, lakini miaka yote anapewa vibanda vya nyuma ya soko. Majengo marefu ni ya wanaume. Haki iko wapi?

Leo Mkurugenzi amempa jengo jipya la ghorofa nane. Kwa majaribio! Akipata mpangaji kufikia Ijumaa, ni lake. Akikosa, linakwenda kwa mfanyakazi mwenzake, Bwana Tai, ambaye shingo yake haijawahi kuonekana kwa tai. Bwana Tai ameniuliza kama nimekuja kumfuta shangazi yangu machozi. Nimemwamkia shikamoo. Kwa ubaridi mkubwa.

Jumanne, 5 Agosti

Jengo tupu. Ukipiga chafya chini, unajibiwa juu. Kila mteja anauliza nani mwingine yumo, kisha anakumbuka ana safari. Shangazi anasema hakuna anayetaka kuwa wa kwanza.

Nimepata wazo. Zuri mno, hata chakula sijamaliza.

Jumatano, 6 Agosti

Nimebandika karatasi kila mlango: IMEPANGISHWA. Wino mwekundu, mistari kwa rula. Sasa hakuna wa kwanza! Shangazi sijamwambia. Atanishukuru akishapanda cheo.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa. Amekuja daktari wa meno, mama mwenye haraka zake. Akasoma milango yote, akauliza ameitiwa nini kwenye jengo lililojaa, akashika njia. Bwana Tai alicheka hadi tai ikapinda. Shangazi aliutazama mwandiko. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Dari nzuri sana.

Akamkimbilia Daktari ngazini, akamwambia ukweli: huyu ni mtoto wa kaka yangu, ana kiherehere, na jengo halina mtu. Akambandulia karatasi ya ghorofa ya pili. Akamwonyesha pa kupitishia maji ya viti vya meno, na lifti inayoingia kiti cha magurudumu. Daktari akasema wengine wote humwonyesha madirisha tu. Atafikiria.

Jioni tumekula pamoja. Sikujua kijiko kina kelele vile.

Ijumaa, 8 Agosti

Amesaini! Ghorofa ya pili yote! Mkurugenzi ametangaza mbele ya ofisi nzima kwamba jengo ni la Shangazi. Bwana Tai alimpa mkono kama anayeshika chura. Shangazi alinivuta sikio, akanikumbatia, akaniambia nisiiguse kazi yake tena. Furaha humchanganya mtu.

Ni wazi karatasi zangu zimefanya kazi. Bila karatasi, Shangazi asingekimbia. Bila kukimbia, asingesikilizwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimewaza. Mkurugenzi ana mvi nyingi, na kiti chake kingemfaa sana Shangazi. Namchorea Mkurugenzi kadi ya kumtakia mapumziko mema ya kustaafu. Jumatatu ataikuta mezani. Ndani nimeandika kwamba sote tutamkumbuka.