Gia Tano za Kurudi Nyuma

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Injini imetoka! Nimeing'oa mwenyewe kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti ya banda. Boriti imepinda kidogo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama tangu asubuhi na nina nundu mbili kichwani. Furaha tupu! Gari hili halitakunywa petroli tena. Litakula umeme, kama redio.

Gari ni la marehemu baba mkwe. Mama mkwe, tunayeishi naye, ana mtoto wa jicho na haoni vizuri. Ijumaa saa tatu asubuhi anafanyiwa upasuaji. Amesubiri zamu yake miezi saba, na akichelewa anarudishwa mwisho wa foleni. Nimemwahidi kumpeleka kwa gari la mume wake. Sikumwambia kwamba kwa sasa gari lenyewe ni shimo lenye magurudumu.

Mke wangu ameniuliza kama nina akili timamu. Nimemjibu kwamba nina siku sita.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mota imefika! Imetoka kwenye mashine mbovu ya kunyanyulia mizigo, iliyokuwa inaozea nyuma ya ghala. Mchomeleaji wa mtaani amenikatia sahani ya chuma ya kuiunganisha na giaboksi. Imeingia kama kidole puani.

Shemeji akapita. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi wa magari ya petroli na bingwa wa kukatisha watu tamaa. Akachungulia, akauliza mota inazungukia upande gani. Nikamjibu: upande wa maendeleo. Akaondoka anacheka peke yake. Wivu huo! Mwakani atakuwa anauza karanga.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Betri nane za lori! Nne chini ya boneti, nne kwenye buti. Cheche moja imenichoma nyusi ya kushoto, haipo tena. Nilikosa swichi, nikang'oa ile ya taa ya chumbani. Mke wangu akaingia gizani, akagonga kidole cha mguu kitandani, akaniita kwa majina yangu yote matatu.

Mama mkwe akaja akapapasa boneti. Akauliza mbona siku hizi halingurumi. Nikamwambia limefundishwa adabu. Akatabasamu, akasema marehemu angefurahi. Nilijisikia fahari hadi machozi yakanilenga.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Limetembea! Nilibonyeza swichi, nikaweka gia ya kwanza, likaondoka kimya kimya. Kinyumenyume. Likabeba kamba ya nguo na shuka mbili. Gia ya pili: kinyumenyume, kwa kasi zaidi. Ya tatu pia, na ya nne, na ya tano. Gia ya kurudi nyuma ndiyo pekee inayokwenda mbele, na inakwenda kwa kusitasita.

Shemeji alikuwa ameegemea ukuta, nani alimwita sijui. Akasema mota inazunguka kinyume, nibadilishe nyaya mbili tu, kazi ya dakika kumi. Mimi nifundishwe umeme na mtu wa grisi? Thubutu! Nikamwambia nimekusudia hivyo, ni kwa ajili ya usalama. Akauliza usalama wa nani. Nikajifanya nakaza nati.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Tuliondoka saa mbili kasoro robo, mimi na mama mkwe, kwa gia ile moja inayokwenda mbele. Mota inalia, gari linatambaa. Jirani mmoja mwenye ndoo kichwani akaongea na mama mkwe dirishani tangu kona ya kwanza, halafu akaaga akisema ana haraka, akatupita. Nikamwambia mama mkwe kwamba mwenda pole hajikwai. Akasema ni kweli baba, lakini daktari ana saa ukutani.

Saa mbili na nusu. Nikaona sasa ni kufa au kupona. Nikaligeuza gari, matako yake yakaelekea hospitali, nikaweka gia ya tatu. Tuliruka! Shingo imepinda nyuma, upepo, watu wanapiga mayowe! Sijapata kuendesha vizuri namna ile. Askari wa barabarani akatusimamisha, akauliza natoka wapi. Nikamwambia, afande, swali ni nakwenda wapi. Akasema hilo ndilo linamtatiza.

Alipotuachia, betri zilikuwa zimekwisha. Gari kimya. Mama mkwe akakumbatia mkoba wake wenye karatasi ya daktari, akasema taratibu kwamba mjukuu wake, mwanangu mimi, ana mwaka mzima sasa naye hajawahi kumwona sura. Niliona haya. Haya ya kweli, ya kutaka ardhi ipasuke. Yalinikaa kama dakika mbili.

Hapo akashuka shemeji. Kumbe alitufuata na gari lake tangu nyumbani! Tangu nilipoligeuza gari, mama mkwe alikuwa ametazamana naye uso kwa uso, ila haoni. Akampakia, akaondoka. Walifika zimebaki dakika nne.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Bendeji imetolewa. Mama mkwe anaona! Alimshika mjukuu mashavu, akamtazama mpaka mtoto akachoka. Sote tulilia, hata shemeji.

Kisha akaomba kuliona gari. Akafungua boneti, akatazama betri, nyaya, swichi ya chumbani. Nikatazama viatu vyangu. Mwishowe akasema amenisamehe, lakini jicho la pili linapasuliwa baada ya wiki nne, na siku hiyo anataka kuikuta injini ya mume wake mahali pake.

Nikakubali kwa moyo mkunjufu. Ahadi ni deni. Injini itarudi, na nyaya za gari hili sitazigusa tena, kosa langu nimelielewa kabisa: gari lenyewe lilikuwa dogo. La shemeji lina buti pana, zinaingia hata betri kumi na mbili. Wiki nne! Nimemwomba funguo nikamwoshee gari, kama shukrani. Akanipa bila kuuliza, maskini, huku ananipigapiga bega. Ndoo ya maji ninayo mkononi, tepu ya kupimia mfukoni.