Tarumbeta Langu na Wale Tambarare Jazz

Jumapili, 1 Julai 1973

Leo nimejiponza kwa ulimi wangu mwenyewe. Kikao baada ya misa. Mwalimu Donatus, yule kijana anayetembea na kitana mfukoni, kasimama kusema tarumbeta la parokia apewe mtu anayesoma nota. Yaani yeye! Kasema bibi huyu, ndiyo mimi, anajitahidi kwenye maandamano ya Ekaristi, lakini hakuna bendi ya maana itakayokubali kupiga na mtu anayepuliza kwa kukisia.

Kukisia! Marehemu mume wangu Kamili alilipuliza lile tarumbeta mpaka kifua kikamshinda njiani, na mimi nikalipokea mkononi mwake maandamano yakiwa yanaenda. Sijalitua tangu siku ile.

Nikainuka. Nikasema Tambarare Jazz ya Mwanza inakuja hapa Kahama Sabasaba, na wenyewe wameniomba nipige nao. Uongo mtupu! Sijui ulitokea wapi. Watu wakapiga makofi. Katekista Athanas, mtu ambaye mzaha haujui hata kwa sura, kasema vema sana Mama Januari. Ukipiga nao wimbo mmoja mpaka mwisho, tarumbeta ni lako mpaka Mungu akuite. Wakikufukuza, linarudi sakristia.

Nimerudi nyumbani Nyahanga nimejifunika kanga mbili. Si woga. Julai ina baridi.

Jumatatu, 2 Julai

Mazoezi. Sijui wimbo hata mmoja wa dansi. Ninazo za kanisa, na za ngoma za usichana wangu ambazo padri hazijui, na asizijue.

Nimejificha nyuma ya shamba la mtama, nikapuliza. Ng'ombe wa mzee Bujiku wakatimka wote, mmoja kaingia lamboni mpaka shingoni. Bujiku kaja na fimbo. Nikajua leo nauawa kwa ajili ya muziki. Kumbe mzee anacheka. Aliwahi kuwa manju wa ngoma huyu, akiimba watu wanahama vijiji. Kaniambia, "Mayu, mama, kupiga si kazi. Kazi ni watu." Kanikumbusha mashindano ya zamani ya vyama vya ngoma, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wanacheza wakati mmoja, na yule anayeondoka na watazamaji ndiye mshindi. Anayebaki na uwanja mtupu anazomewa mpaka wajukuu zake. Kasema anayesimama mahali pamoja amekwisha kushindwa. Geuza mgongo, tembea, usitazame nyuma.

Nimeuliza kama ile dawa ya kuvuta watu bado ipo. Kasema ipo. Nikakumbuka kwamba mimi ni Mkatoliki. Nikachukua kidogo tu.

Nimeipaka kwenye viatu. Tarumbeta ni la kanisa.

Jumatano, 4 Julai

Nimeota napuliza, unatoka uji. Kamili kakaa mbele na bakuli.

Asubuhi sikugusa chakula. Coletha, mke wa mwanangu Januari, kasema mama unaogopa. Nimemwambia ni mchicha wake ndio unaonifunga kinywa, unapikwa kama wa kulishia mbuzi. Halafu kaniletea uji! Nimeshindwa hata kuutazama.

Alhamisi, 5 Julai

Bendi imeshuka na lori. Wanaume wengi, mashati ya maua, masanduku makubwa kama ya kuzikia. Nilitaka kurudi nyumbani. Miguu ilikuwa imekwisha kugeuka. Nikaikemea.

Hila yangu ilikuwa tayari. Nimechinja kuku wa Coletha, yule anayetaga (yeye alikuwa kisimani), nikapeleka ugali na mchuzi wa karanga kwenye nyumba ya wageni. Nikawaambia ndiyo desturi ya mji wetu kwa wapiga muziki. Wakala. Nikasubiri mpaka walipoanza kulamba vidole, nikasema tunayo desturi ya pili. Aliyepika anapiga nao wimbo mmoja.

Kiongozi wao anaitwa Bashiri, mpuliza saksafoni, mtu mpole wa mjini. Kacheka mpaka mfupa ukamkwama, wenzake wakampiga mgongoni. Alipopata pumzi kasema, "Haya mama yangu, nisikie basi." Midomo ilikuwa mikavu kama ganda la karanga. Sauti ya kwanza, mbuzi. Ya pili, mbuzi na mwanawe. Ya tatu ikatoka yenyewe, ile ya Kamili, na Bashiri akaacha kucheka. Kasema mama, Jumamosi uje.

Nikafurahi! Kisha akaeleza tutakavyofanya. Yeye atapuliza, mimi nitamjibu. Yeye tena, mimi tena. Mwisho pamoja.

Kujibizana? Yeye upande huu na mimi upande ule, mbele ya watu wote? Kumbe ni mashindano! Mtu amekula kuku wangu mpaka kwenye paja, halafu anataka kuniacha na uwanja mtupu!

Ijumaa, 6 Julai

Mwanne wa vitumbua ameutangazia mji mzima. Watu wananiamkia kwa sauti ya chini, kama ninakwenda kupasuliwa. Donatus kapita mlangoni, shikamoo ndefu, kauliza kama nitahitaji mtu wa kunibebea tarumbeta mpaka sakristia, maana ni zito. Marahaba, nikamwambia, na kitana chako kivunjike meno.

Akaondoka. Nikakaa chini.

Nimejaribu kuugua. Nimejifunika mablanketi mawili, nikamwita Coletha nikamwambia nina homa. Kanigusa paji la uso, kasema mama, una baridi kama mtungi. Bado ana kisirani cha kuku. Kasema tena, usipokwenda linaondoka vilevile.

Kama silijui hilo! Nimelisugua kwa majivu. Kuna mahali pamebonyea, kidole gumba cha Kamili kilikuwa kinakaa hapo, na changu sasa kinakaa hapo. Wakilichukua, kwenye maandamano nitashika nini? Mshumaa, kama akina mama wengine wote.

Jumapili, 8 Julai

Jana. Niandike kabla hasira haijapoa.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Athanas na Donatus wamekaa mstari wa mbele, mikono magotini, kama wako mazishini. Bashiri kaniita jukwaani. Mtu nyuma kapiga kelele, "Bibi, usimeze!" Nilishika nguzo. Nikamwomba Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, na Kamili, na sina uhakika kwamba sikumwomba Bujiku.

Bashiri kapuliza. Tamu, mwizi yule! Watu wakamsogelea wote. Nikaona uwanja wangu unakauka. Nikajibu, sauti ikatetemeka lakini ikafika. Kapuliza tena huku ananikonyeza. Ananikonyeza! Ndipo nilipokata shauri. Sikungoja zamu. Nikapiga wimbo wa ngoma, ule wa usichana, nikageuza mgongo, nikashuka jukwaani, nikatembea.

Sikutazama nyuma. Nilipita mlangoni, Zamoyoni mkata tiketi kaniachia njia kwa mshangao. Nikafika barabarani. Nilijua niko peke yangu gizani napulizia mbwa. Halafu nikasikia miguu. Miguu mingi! Mama yangu wee! Ukumbi mzima uko nyuma yangu, wanawake wanapiga vigelegele, Mwanne mbele yao na sinia kichwani. Nikawapeleka mpaka sokoni. Nikamaliza wimbo wangu hapo, vizuri kabisa.

Tulipogeuka kurudi, waliokosa tiketi nao wakarudi nasi, na Zamoyoni hakuweza tena kumjua mlipaji na mdoeaji. Wakaingia wote. Wengine na mbuzi. Bendi imekaa chini, ala mapajani. Bashiri hakunitukana. Kaniuliza, "Mama, kwa nini umenihamishia watu?" Nikamwambia umeshindwa, baba, usione haya, ulianza vizuri.

Athanas kasema sheria ilikuwa wimbo mmoja na bendi mpaka mwisho. Nikasema nilimaliza. Kasema bendi ilikuwa ndani, wewe ulikuwa sokoni. Nikasema hilo ni kosa la bendi, mbona haikunifuata? Donatus kacheka kwa pua.

Leo baada ya misa Athanas amekuja kulichukua. Nimelifunga kwenye kanga, nikamkabidhi, nikaingia ndani. Coletha kapika mchicha. Nimeula wote. Nyumba imenyamaza, hata kuku wanatembea kwa adabu. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko jukwaa.

Jumapili, 15 Julai

Tarumbeta lilifungiwa sakristia wiki nzima. Leo Donatus kalifungua mbele ya waumini wote. Kaweka nota zake kwenye mimbari ya kusomea, kachana nywele, kainua, kaweka midomo. Hapana pa kuiweka! Kile kipande cha mbele cha kupulizia hakipo. Kapuliza bomba tupu. Ikatoka sauti ya mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Athanas kajifanya anakohoa.

Kipande kiko kwenye debe langu la mtama. Sijaiba. Waliomba tarumbeta, hawakuomba kipande.

Jioni Donatus kaja, shikamoo bibi, shikamoo mama yetu. Mara hii mimi ni mama! Kauliza kama marehemu alikuwa na kipande cha akiba. Nimemwambia mimi ni bibi wa kisomo cha watu wazima, mambo ya vipande siyajui. Ila akiniletea tarumbeta nilitazame kwa muda, huenda nikakumbuka. Kasema ataleta kesho. Mtoto mzuri akitaka.

Maana Mwanne kaniambia kuna bendi nyingine, kubwa kuliko ile, inakuja Shinyanga mjini kwenye maonyesho ya pamba. Wana saksafoni nne. Nimesikia hivyo, chakula kikanishinda tena. Nimemtuma Coletha akaulize lori la pamba linaondoka lini, na nimemtazama kuku wake wa pili, anaanza kunenepa.

Sokoni palikuwa karibu mno, hilo ndilo lilikuwa kosa. Watu wa Shinyanga nitawahamisha mpaka stesheni.