Mablanketi Yaliyotolewa Mara Nyingi

Napenda kuutaarifu umma kwamba Kamati ya Kupokea Michango ya Vita, ambayo mimi ni katibu wake, imefanikiwa kwa kiwango kisichowahi kushuhudiwa. Tumepokea mablanketi mengi kuliko yaliyopo. Wenye wivu wanasema haiwezekani. Hawajui kazi za kamati hao.

Siku ilipotangazwa kwamba wanajeshi wetu mpakani wanaganda kwa baridi, wananchi walikuja wenyewe. Walikuja wauza mitumba, makuli, na mabibi waliojifunika njia nzima blanketi lile lile walilokuja kulitoa. Dada yangu, fundi cherehani, alileta lake. Alikuwa amelishonea bitana kwa fulana za zamani za mwanawe, ambaye yuko huko huko mpakani.

"Hili la mwanangu," akaniambia. "Limfikie kabla baridi haijazidi."

"Dada, mchango hauna mwenyewe," nikamjibu kiofisi. "Utaingia kwenye mfumo."

"Huo mfumo una miguu?"

Maswali ya kiufundi hushughulikiwa na kamati ndogo.

Tungesafirisha kesho yake, lakini mwenyekiti alitukumbusha utaratibu: mchango usiokabidhiwa mbele ya kamera haujatolewa. Basi akaja meneja wa benki kukabidhi wa kwake. Alikuja na mpiga picha, msaidizi na suti mpya. Blanketi hakuja nalo. Sasa ningefanyaje? Mtu mzima amesimama mbele ya kamera mikono mitupu? Nikamwazima rundo letu. Alilikabidhi vizuri sana, hata mimi nikaguswa, na jioni redio ikataja jina lake.

Kuanzia hapo hatukupumua. Walikuja wakurugenzi, wafanyabiashara, waheshimiwa na wake zao. Kila mmoja alikabidhi rundo lile lile, sisi tukalipokea kwa makofi mapya, na redio ikajumlisha. Fungu la vita likatuletea mahema, maua na viti vya kitambaa, maana wakubwa hawakabidhi juani. Mimi mwenyewe nilikabidhi Jumapili moja ambayo hatukuwa na mgeni. Nilitoka vizuri kwenye picha, tumbo halikuonekana.

Wizara nayo inasikiliza redio. Ikaona wanajeshi wamejitosheleza kwa mablanketi, ikafuta agizo la kuwanunulia mengine, na fedha zikaongezwa kwenye mahema. Hakuna aliyeiba. Naomba hilo lieleweke.

Dada akaja ofisini, simu mkononi. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Mwanangu amepiga. Wanalala wamekumbatiana kama watoto wa mbwa. Vidole vya miguu havisikii tena. Lile blanketi liko wapi?"

Nje ya dirisha, lile blanketi lilikuwa linakabidhiwa na mkurugenzi wa maji.

"Linashughulikiwa," nikasema.

"Na wewe ni mjomba wake. Umembeba mgongoni mtoto yule."

Jamani, niliona aibu. Nilitamani kutoka nje nikamnyang'anye mkurugenzi. Lakini aibu haikuwa kwenye ajenda, na picha zilikuwa hazijaisha.

Wiki iliyofuata akatokea kanali na msafara wa malori matupu. Alikuwa mpole, ule upole unaokausha mate. Akalitazama rundo.

"Hizi ni sampuli?"

"Ndiyo yote, afande."

Mwenyekiti akatoa hotuba fupi kuhusu uzalendo. Kanali akamwacha amalize.

"Redio imesoma majina ya waliotoa," akasema. "Vijana wangu wamesikiliza yote, hawana kingine cha kuwapasha moto. Wanayajua kwa kichwa. Dereva, pakia haya, halafu tuanze na meneja wa benki."

Walipita nyumba kwa nyumba, kwa heshima zote. Walibisha hodi, wakapiga saluti, wakaomba mchango uliokwisha kutangazwa. Pasipokuwa na mablanketi ya kutosha walipokea makoti, mazulia, hata mapazia. Wauza mitumba, makuli na wale mabibi hawakuguswa, kwa sababu majina yao hatukuyatangaza. Kwangu walibeba mpaka kitambaa cha meza. Mke wangu amehamia kwa mama yake, ambako bado wanajifunika.

Baridi ya hapa mjini nayo si ya mchezo. Jana mwenyekiti alinipigia simu, meno yakigongana. Anapendekeza tuunde kamati ya kuwachangia viongozi walioathirika na vita. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama dada yangu bado anashona.

Nikaenda kumwuliza. Dada hakuinua kichwa kwenye cherehani.

"Mwanangu amelipata, analala sasa," akasema. "Na nashona. Mwambie mwenyekiti aniletee jina la mwanawe aliye mpakani, nianze na huyo."

Ujumbe niliufikisha. Mwenyekiti hajaleta jina. Ana vijana wanne, wazima wa afya, wote wako ng'ambo wanasoma. Nawafahamu, maana wanangu wawili wanakaa nao nyumba moja.