Mashine ya Pumu ya Maalim Abdow

Jumatatu, 6 Februari 1967

Mashine imekamilika. Alhamdulillahi!

Naandika kwa Kiswahili sanifu kwa sababu ndani ya uzio huu wa miiba na waya, tulimofungiwa na serikali tangu mwaka jana pamoja na mbuzi waliosalia, hakuna mwingine anayekijua. Miaka kumi na tisa nilikuwa mkalimani wa mahakama ya Garissa. Hakimu aliisifu sarufi yangu mbele ya watu. Leo nasimama kwenye foleni ya maji nyuma ya Mahat, mtu asiyejua sarufi hata kidogo.

Vifaa: birika la chai, pampu ya baiskeli, mpira wa tairi, betri ya lori, nyaya tatu nyekundu (si “mawaya”), taa ndogo na saa ya kengele. Maji ya dawa yanachemka, pampu inasukuma mvuke, mgonjwa anauvuta kwa mpira. Taa inaonyesha kwamba kazi inaendelea. Dakika kumi zikitimia, kengele inalia.

Mke wangu, Timiro, ana pumu, na vumbi la kijiji hiki linammaliza. Amesema anaomba tu mashine hii isiwe kama miwani niliyoitengeneza kwa vitako vya chupa (Jama alimkumbatia ngamia akidhani ni shemeji yake), wala kama chombo cha kusikilizia cha honi ya lori (Mzee Kulow sasa hasikii kabisa). Nimemjibu kwamba uvumbuzi una hatua zake.

Jumanne, 7 Februari

Imefanya kazi!

Timiro alivuta mvuke dakika kumi. Filimbi ya kifuani ikanyamaza. Baada ya sala ya alasiri alilala chali, jambo ambalo hajaliweza tangu tuhamishwe. Alipoamka alicheka. Akaniambia: Maalim, iache hapa kando ya kitanda, na usimwambie mtu.

Usimwambie mtu! Chombo kama hiki ni cha umma. Nimeanzisha Chama cha Huduma ya Vifua. Mwenyekiti: mimi. Katibu: mimi. Wanachama: Sugow jirani yetu, na Kaaha, dada yake Timiro, ambaye hakuulizwa. Tutaomba kibali kwa Sajini wa lango. Kisha Wajir. Kisha Mandera. Kisha jina langu juu ya mlango wa hospitali fulani.

Jumatano, 8 Februari

Mahat amejiingiza. Mahat ni askari wa tawala mstaafu, anauza chai langoni, na kila sentensi yake ni ajali. “Mimi nabenda wewe nakuja.” Askari wanampenda! Wanamwita babu. Mimi wananiita “wewe mzee”.

Ameshauri tuiite “mashine ya kifua”. Nimemweleza kwamba kifua ni kiungo, si maradhi. Jina la maradhi ni pumu. Neno sahihi halihitaji wasaidizi.

Tatizo ni moja. Watu wetu hawaiwezi herufi P. Wote wanasema “bumu”. Nimekifundisha chama changu kwa kushika kipande cha karatasi mbele ya midomo: P ikitamkwa vyema, karatasi inatikisika. Ya Kaaha haikutikisika. Ya Sugow ilitikisika alipopiga chafya.

Jioni niliandika PUMU juu ya sanduku kwa rangi nyekundu. Rangi ilikuwa nyepesi, ikachuruzika. P ya mwanzo imeota tumbo la pili. Sina rangi nyingine. Mwenye akili ataelewa.

Alhamisi, 9 Februari

Balaa.

Tulifika langoni saa tatu. Timiro aliniomba nisubiri, kifua kilikuwa kimeanza kubana tena. Nikamwambia saa moja tu. Sugow alibeba sanduku, kwa kuwa mwenyekiti habebi.

Sajini aliuliza ndani mna nini. Nilikuwa nakohoa kidogo ili nianze hotuba yangu. Sugow akanitangulia: “Mashine ya bumu, afande.”

Sajini akauliza tena, polepole, mashine ya nini. Foleni nzima ya maji, kwa nia njema, ikamsaidia: “Bumu! Bumu!” Sajini akafungua kifuniko. Akaona betri. Akaona nyaya nyekundu. Akaona saa.

Ikumbukwe kwamba juma lililopita lori lao lilikanyaga bomu kwenye barabara ya Wajir.

Askari wote walijitupa mavumbini. Wanawake wakatupa madebe. Mimi peke yangu nilibaki nimesimama wima, nikawaeleza kwamba neno ni pumu, kwa P, ngeli ya I-ZI, umoja na wingi ni sawa.

Hapo kengele ikalia.

Nilipigwa kitako cha bunduki begani. Sajini akaniita “mashifta”, jina wanalowaita waasi wa porini. Nikamwambia mtu mmoja ni shifta. “Mashifta” ni wengi. Nikapigwa tena.

Mashine waliipeleka mtoni wakailipua. Mlio ulisikika hadi Galbet.

Ijumaa, 10 Februari

Nimeachiliwa. Naona haya kuandika jinsi nilivyoachiliwa.

Mahat alikuja na birika la chai na vikombe. Akamwambia Sajini: “Afande, huyu mzee wetu kichwa yake soma mingi, akili nakimbia. Hii bumu si ya kulibuka! Hii bumu ya kohoo-kohoo!” Akashika kifua, akatoa macho, akapiga filimbi ya pumzi hadi akaanguka juu ya magunia ya mchanga. Askari walicheka mpaka kofia zikadondoka. Sajini akasema chukua mwendawazimu wako, babu.

Makosa saba katika maneno machache. Niliyahesabu. Sikumshukuru.

Jumapili, 12 Februari

Timiro hawezi kulala wala kusema. Anakaa ameushika mti wa katikati ya herio, kibanda chetu cha mikeka, mabega yanapanda na kushuka. Nilichemsha maji kwa sufuria. Hakuna pampu. Hakuna mpira. Mvuke uliniunguza uso mimi.

Hakunilaumu. Alisema, neno moja kwa kila pumzi: nilikuomba… uiache… kitandani.

Nikatoka nje kutafuta kuni ambazo hatukuzihitaji.

Jumatatu, 13 Februari

Mahat alikwenda tena kwa Sajini bila kunitaka ushauri. Alisema, ameniambia mwenyewe, maneno manne: “Mama nakufa. Andika karatasi.” Sajini akaandika.

Nimeiona karatasi. “Mama huyu ni mgojwa ya kifua, apite.” Makosa mawili! Nilikuwa tayari nimetoa penseli nimsahihishie. Kaaha akaninyang’anya, akaniita jina ambalo shemeji hamwiti mume wa dada yake.

Timiro na Kaaha walipandishwa lori la msafara wa Nairobi. Timiro aliniita karibu na gurudumu. Akanitaka niape: Maalim, ukisema na askari, sema kwa maneno mengi, ya kawaida, hata kama yana makosa. Nikaapa. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko pumzi yake ilivyoruhusu.

Lori likaondoka. Nilisimama hadi vumbi likatua. Mahat akaniletea chai. Ilikuwa na sukari kupita kiasi. Niliinywa yote.

Jumamosi, 18 Februari

Habari! Nuh, dereva wa lori la mahindi, ametoka Nairobi. Timiro yuko kitandani hospitalini, anapumua, anakula. Anauliza kama nimeshika kiapo. Nimemwambia Nuh ampelekee jibu kwamba nimekishika.

Nuh ameongeza kwamba wauguzi humpa asali katika maji ya moto.

Asali! Sijalala mchana wa leo kwa furaha. Akirudi atakuta asali ya mumewe, na kijiji kizima kitatibiwa vifua. Sugow amekwisha kuchonga magogo mawili. Barua kwa Sajini iko tayari, nainakili hapa:

“Bwana Sajini, naomba ruhusa ya kupanga mizinga arobaini ukingoni mwa mto, midomo yake ikielekea kambi yako kwa sababu ya upepo, ili wewe na askari wako muwe wa kwanza kuonja kitakachotoka.”

Nilimsomea Mahat. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaniomba, kwa jina la Mwenyezi Mungu na la Timiro, niongeze “ya nyuki”. Sugow naye akaomba. Ili waninyamazie, nikaongeza.

Walipoondoka nikaisoma upya. “Mizinga ya nyuki.” Ziada tupu! Mizinga inajitosheleza, hakimu angecheka. Nimeyakata maneno hayo kwa mstari mmoja, ulionyooka.

Kesho saa tatu nitaipeleka langoni mwenyewe, na nitaisoma kwa sauti.