Masharti ya Vidonge vya Lainisha

Lainisha aliiona cherehani kabla hajamtazama vizuri mwenye nyumba. Alikuwa amesimama mlangoni, pikipiki yake ameiegesha nyuma yake, na mkoba wake wa vidonge begani, na macho yake yakapita juu ya bega la bibi aliyemfungulia, yakatua sebuleni. Cherehani ya chuma, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, na maua yake ya dhahabu ubavuni hayajafutika hata moja. Wiki ile ile mwenye hoteli mmoja alimwambia anatafuta kitu kama hicho akiweke mapokezi, wageni wapige picha, na kwamba hatabishana bei. Mtu akisema habishani bei, Lainisha huwashwa viganja vyote viwili.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mtaalamu wa viungo."

"Marahaba. Sina haja, mwanangu. Tangawizi ninayo, bizari ninayo."

"Si viungo vya mchuzi, mama! Viungo vya mwili. Magoti. Vidole." Akaushika mkono wa bibi kwa heshima zote, akaugeuza kama mtu anayekagua embe sokoni. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba. "Unaona sasa? Baridi yabisi. Jina lenyewe linasema kila kitu. Ni baridi, kwa hiyo tunaipasha moto. Ni yabisi, kwa hiyo tunailainisha. Mimi na vidonge vyangu tunaitwa Lainisha, wala si bure."

Kusema kweli, jina alipewa na watu aliowaliza, kwa namna alivyokuwa akiwalainisha kwanza. Vidonge navyo vilikuwa unga wa mahindi na bizari kidogo ya kuvipa rangi ya kitabibu. Havikumdhuru mtu, havikumfaa mtu, na katika biashara hiyo huo ni uungwana mkubwa.

Bibi huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Cherehani, alikuwa ameshona kwa miaka thelathini na minane. Sasa vidole vilikataa hata kutunga uzi kwenye sindano, na mjukuu wake alikuwa anakaribia kuolewa. Gauni lilikuwa limekatwa tayari. Vipande vyake vilikuwa vimekunjwa juu ya meza, vimefunikwa kwa kanga, na kila alipovipita bibi alivigusa. Jambo hilo lilimuuma kuliko vidole vyenyewe. Lakini pia alikuwa bahili, mkono wa birika hasa, mtu wa kuchemsha majani yale yale ya chai mara tatu. Lainisha aliusoma ubahili huo mara moja, akajiona ameula.

"Sikuchaji hata senti," alisema. "Dawa zote natoa mimi, bure, mpaka upone. Ukipona ndipo utanilipa. Ila dawa yangu ina masharti. Ukivunja sharti moja tu, cherehani hii ni yangu."

Hapo ndipo penye ufundi. Masharti ndiyo mlango wa nyuma wa kila mwuza dawa. Mgonjwa asipopona, huulizwa kama aliyafuata yote, naye huinamisha kichwa kwa sababu hakuna binadamu anayeyafuata yote.

"Dawa zote?" aliuliza Bi Cherehani.

"Zote, mama! Na si vidonge peke yake. Chakula ni dawa. Matembezi ni dawa. Mazoezi ni dawa."

"Basi na wewe weka rehani kama mimi. Hiyo pikipiki yako ilale uani kwangu. Ukiacha kuleta dawa kabla sijapona, ni yangu."

Lainisha alicheka mpaka machozi yakamlenga. Alikuwa amekwisha kukadiria kwamba bibi atavunja sharti kabla ya siku tatu.

Siku iliyofuata alikwenda hospitali, si kutibiwa, bali kuiba masharti. Katika chumba cha mazoezi ya viungo palikuwa na bango refu ukutani, na machoni pake ukatili kama ule hakuwahi kuuona: usile sukari, acha vya kukaanga, acha soda, kula samaki na mboga za majani na kunde, tembea kila asubuhi, inuka kitini bila kujishika mara thelathini, kamua kitambaa ndani ya maji ya uvuguvugu mpaka vidole vichoke. Hakuendelea kusoma. Alilipiga picha, akampelekea dada wa duka la fotokopi, akamwambia, "Lichape lote, mstari kwa mstari, chini ya mkataba."

Shahidi alikuwa msusi wa jirani, mwanamke mwenye kicheko cha karibu, ambaye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa pikipiki. Bi Cherehani alivaa miwani akaisoma karatasi mpaka chini kabisa, midomo ikitembea. Mwishoni alikohoa kidogo. Kisha akatia sahihi, na Lainisha akatia yake kwa mbwembwe, bila kusoma.

Asubuhi ya kwanza alifika na kopo la vidonge vya wiki nzima. Bi Cherehani alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka kabatini, kisha akamkabidhi kikapu.

"Cha nini, mama?"

"Cha dawa. Twende sokoni. Samaki, mchicha, kunde. Si ulisema chakula ni dawa? Na dawa zote ni zako mpaka nipone."

Lainisha alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, lakini yale yalikuwa maneno yake mwenyewe, na msusi alikuwa amesimama kibarazani akisikiliza huku akitafuna kitana. Akachukua kikapu.

Siku tatu zikapita, bibi hajavunja kitu. Wiki ikapita. Raba za kutembelea nazo zikawa dawa, kwa kuwa matembezi ni dawa na hayatembewi kwa ndala. Mkaa wa kuchemshia maji ya uvuguvugu ukawa dawa. Kila asubuhi watu wa mtaa waliona bibi akitangulia taratibu kwa raba mpya, na nyuma yake mtaalamu wa viungo akihema na kikapu.

Akaona amsukume bibi avunje sharti. Akanunua keki yenye sukari ya unga juu, akaiweka chini ya pua ya mgonjwa wake.

"Kipande kimoja tu, mama. Nani atajua?"

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Bi Cherehani, akaipitisha keki nzima dirishani kwa msusi. Kesho yake zikaja chipsi za moto, kesho kutwa soda baridi inayotoka jasho. Vyote vilipita dirishani. Msusi akaanza kunenepa, akamwombea Lainisha maisha marefu.

Kwa nini hakukata tamaa? Kwa sababu kila alipoingia ile sebule cherehani ilikuwa palepale, nyeusi, inang'aa, na pikipiki yake ilikuwa uani, kuku wamelala juu ya kiti. Mtu aliyeingia mkenge kiasi hicho huona aibu kutoka mikono mitupu, kwa hiyo huzidi kuingia.

Wiki ya tisa, alipobisha hodi, aliitikiwa na mlio. Tak-tak-tak-tak. Bi Cherehani alikuwa ameketi kwenye cherehani, gauni jeupe limemwagika mapajani, mguu unakanyaga. Sindano ilikuwa na uzi, na uzi aliutunga mwenyewe. Alikuwa akilia kimyakimya huku anashona, na hakujificha.

Lainisha naye, tumpe haki yake, aliiacha mishono miwili mitatu ipite. Kisha akakumbuka kazi.

"Umepona, mama! Vidonge vimefanya kazi! Sasa tuzungumze malipo."

"Vidonge?" Bibi alifuta macho, akafungua kabati. Makopo yote tisa yalikuwa yamepangwa, hata kifuniko kimoja hakijafunguliwa.

Lainisha aliruka, akamgeukia msusi aliyekuwa akichungulia dirishani. "Hukumeza? Hukumeza! Shahidi, umesikia? Amevunja sharti! Cherehani ni yangu!"

"Lete karatasi," Bi Cherehani alimwambia msusi. "Msomee mtaalamu mahali palipoandikwa nimeze."

Msusi alisoma kutoka juu. Sukari. Soda. Samaki. Matembezi. Kitambaa. Kuhusu vidonge hapakuwa na neno, mpaka alipofika mstari wa mwisho kabisa, akaanza kucheka kabla hajausoma: "Usimeze dawa yoyote ya mitaani bila kumwuliza daktari wako."

Lainisha aliinyakua karatasi, akausoma mstari huo mwenyewe.

"Kile chumba cha mazoezi nakwenda kila Jumanne, mwaka wa pili huu," alisema Bi Cherehani kwa upole. "Lile bango nalijua kwa moyo. Nesi kachoka kuniambia nile samaki, na mimi naona uchungu kununua. Ulipokuja na mkataba wako nikasema, huyu kaletwa."

"Sawa, mama. Sawa." Lainisha aliinua mikono. "Umenipata. Umepona, sitaki malipo, nipe ufunguo wangu niende zangu."

"Nimepona?" Bi Cherehani alishangaa kweli. "Nimepata nafuu, mwanangu. Nesi amenieleza vizuri, ugonjwa huu hauponi, unatunzwa tu. Na mkataba unasema dawa zote ni zako mpaka nipone. Ukiacha, pikipiki ni yangu."

Lainisha alimtazama msusi, akaitazama karatasi, akaitazama sahihi yake yenye mikia mitatu. Akapiga magoti juu ya vipande vya nyuzi sakafuni, akaushika mkono wa bibi kama siku ile ya kwanza, ila sasa hakuugeuza.

"Bibi yangu, nakusihi. Nifanyie hisani. Pona."

Bi Cherehani akakunja vidole vyake polepole, akavikunjua, akasikiliza kimoja kimoja kwa makini.

"Hiki kidogo," alisema, "bado kinanisumbua. Kesho tuchukue samaki mwenye mafuta."