Kifungu cha Shujaa Aliyeokolewa

Jumatatu, 3 Machi
Kikosi chetu kina mashujaa watatu, na mimi ndiye katibu. Ukatibu umenichosha. Jumamosi ni uchaguzi, na nautaka uenyekiti kwa hali na mali, pamoja na lile joho jekundu. Kikwazo ni Fundi, mshona nguo wa jirani, mwenyekiti wa sasa. Anainua gari kwa mkono mmoja bila kuangusha sindano. Watu wanampenda mno. Mimi ninapaa, na kupaa ni kipaji kikubwa zaidi. Kushuka bado najifunza, ndiyo maana mifuko ya koti langu imejaa mawe ya mizani ya dukani kwangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Fundi anaogopa mende. Akimwona mmoja tu hupanda juu ya meza na kumwita Kinyozi, shujaa wetu wa tatu, anayekimbia kuliko pikipiki, aje kumwokoa. Basi nimeandika kifungu kipya cha katiba: mwanachama atakayeokolewa na mwanachama mwenzake amejivua uanachama. Mke wangu kauliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia ni hali ya hewa.

Jumatano, 5 Machi
Kikao kinyozini. Kifungu kimepita. Kinyozi aliuliza kama kile cha kukataza kupigana na majambazi mara baada ya kula bado kipo. Kipo. Fundi alisema kifungu changu ni kizuri, shujaa ajitegemee. Kisha akanikazia kifungo cha koti kilicholegea, bure. Nilijisikia vibaya mpaka saa ya chakula.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe mende hawapatikani ukiwahitaji. Mama mkwe yuko kwetu kwa matembezi na amesugua jiko lote, hakuna hata mguu wa mende. Nimempata mmoja dukani, nyuma ya magunia ya unga. Mama mkwe alinikuta nimelala kifudifudi akataka kujua kulikoni. Nikasema nakagua unga. Akasema yeye huukagua akiwa amesimama. Mende yumo kwenye kiberiti, kiberiti kimo kwenye koti.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Kikao kilikuwa uani kwetu. Fundi kakaa, Kinyozi kakaa, nikatia mkono mfukoni. Kiberiti wazi, mende hayumo. Mara nikahisi kitu kinatembea kwapani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema ufanye nini baadaye. Nikalivua koti na kulitupa. Koti likaenda chini na mawe yake. Mimi nikaenda juu.

Nilidaka antena ya jirani. Fundi alinyoosha mikono, Kinyozi akaleta ngazi kabla sijamaliza kupiga kelele. Nikawaambia wasithubutu kunigusa, kuna kifungu. Wakatazamana, wakakubali kwamba kipo, wakakaa kunywa chai wakisubiri nijiokoe. Kusema kweli mtaa ni mzuri ukiuona kutoka kule. Niliona mpaka paa la shule na mtu aliyelala juu yake badala ya kulipaka rangi.

Mama mkwe, aliyekuwa akianua nguo, alisema chakula kinapoa na mkwewe hawezi kula akiwa angani. Akaifungua kamba ya nguo, akanitupia kitanzi mguuni, akanivuta kama kishada na kunifunga kwenye bomba. Fundi alicheka mpaka machozi. Nikacheka na mimi, nilishindwa kujizuia. Na uanachama wangu uko salama, maana Mama mkwe si mwanachama.

Jumamosi, 8 Machi
Hakuwa mwanachama aliponivuta; sasa ni mwanachama. Fundi kaifungua katiba na kusoma kifungu nilichokiandika mwenyewe mwaka jana, nikitafuta wa kunipigia kura: raia atakayemwokoa shujaa ni shujaa papo hapo. Mama mkwe akaapishwa, kibanio cha nguo mkononi. Fundi akasema yeye hagombei tena, anampendekeza Mama. Kinyozi akampigia Mama. Mama akampigia Mama. Mimi nilijipigia mwenyewe, kwa sauti. Joho jekundu limemkaa vizuri, siwezi kukataa. Amri yake ya kwanza ni kila shujaa aoshe kikombe chake. Nimeosha changu.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu ameniambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Sikumwelewa. Sisi tunatumia maji ya bomba.

Hata hivyo nimeandika kifungu kipya, kitamu kuliko vyote: mwenyekiti lazima ajue kuogelea, asiyejua aachie joho. Mama mkwe hajui, nimechunguza. Mimi pia sijui, lakini nitajifunza upesi, kwa sababu mtu anayepaa hawezi kuzama. Kesho asubuhi naenda bwawani. Nimeshaandaa kila kitu: taulo, sabuni, na koti langu, mawe yote mfukoni.