Kilo Ishirini na Mbili kwa Ajili ya Edisa

Jumanne, 1 Julai

Bwera. Habari mbaya. Mama Naome, jirani yangu wa kibanda sokoni, aliniambia huku akipepeta maharagwe yake: Edisa, binti wa kaka yake, anaacha kazi ya upagazi mlimani. Wiki ijayo anahamia Fort Portal.

Nauza gambuti, viatu vya mpira vya tope, mwaka wa sita sasa. Nimeona miguu mingi. Tangu Aprili naikumbuka ya mtu mmoja. Namba thelathini na tisa. Alijaribu jozi nne, akacheka, akanunua moja, akarudi Nyakalengija, kwenye lango la hifadhi ya mlima, kubeba mizigo ya watalii. Sijamwambia neno. Nampenda, basi, nimeandika.

Mpango: nipande mlima kama mgeni. Usiku mmoja, kambi ya kwanza. Edisa awe mpagazi wangu. Jioni, kando ya moto, nitasema.

Alhamisi, 3 Julai

Nyakalengija. Lillian, karani wa wapagazi, amesema mgeni hachagui mpagazi. Ni zamu, imo daftarini. Nimechungulia. Jumatatu: Kambale, halafu Ezéchiel, halafu Edisa. Wa tatu!

Nimeuliza mtu mmoja hupewa wapagazi wangapi. Inategemea mzigo, amesema. Kilo kumi na tano kwa kila mpagazi, haizidi. Mimi nina blanketi, sufuria na sweta. Kilo tisa. Nimerudi Bwera nikipiga hesabu na kutabasamu peke yangu.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeokota mawe mtoni Lhubiriha. Mazuri, ya duara. Kilo ishirini na mbili, kwa mizani ya Mama Naome. Ameuliza kama najenga. Nimesema ni chakula cha safari. Amenitazama kama mtu anayehitaji maombi.

Jumla kilo thelathini na moja. Gunia la mawe matupu, kumi na tano. Gunia la mawe, blanketi na sufuria, kumi na tano. Mfuko wenye sweta, kilo moja. Wanaume watabeba magunia. Edisa atabeba sweta, atembee kando yangu. Sijawahi kufikiri vizuri namna hii.

Jumatatu, 7 Julai

Kambini. Kumbe kuna desturi Lillian hakuitaja: wa kwanza kwenye zamu ndiye wa kwanza kuchagua mzigo. Kambale, mrefu, meno mazuri kupita kiasi, aliondoka na sweta langu akipiga mluzi. Ezéchiel akachukua gunia la blanketi, ni laini mgongoni. Edisa akabakiwa na mawe matupu.

Niliomba kumpokea mzigo. Mwongozaji wa msafara akakataa, mgeni habebi. Saa tano nzima nimetembea nyuma yake, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, gambuti za kibanda changu zikizama kwenye tope. Hakulalamika. Nikazidi kumpenda na kujichukia.

Jioni alikaa karibu nami motoni. Nikafungua kinywa. Yeye akafungua gunia lake, akidhani ni chakula, anipikie. Akatoa jiwe, akaligeuza. Halafu akasema polepole, "Bwana Ssali, mawe iko mingi huku juu. Hii ya Bwera ni ya kazi gani?"

Jibu la kweli lilikuwa maneno matatu: kwa sababu yako. Nikasema ni ya mazoezi.

Jumanne, 8 Julai

Sheria ya hifadhi: alichoingiza mgeni lazima kitoke. Edisa ameshauri kwamba, kwa kuwa ni mazoezi, nibebe mwenyewe. Mwongozaji amekubali. Ati mgeni habebi mizigo, mazoezi ni jambo lingine.

Edisa mwenyewe alinifunga kamba. Vidole vyake viligusa sikio langu. Nilianguka mara sita na sikujali. Langoni alinipa mkono, akasimama kidogo. Nami nikasimama. Kisha akaenda.

Jumapili, 13 Julai

Amehama. Soko limejaa watu na mimi naona halina mtu.

Mama Naome amesema Edisa alimuuliza kama yule mtu wa mawe ana mke. Kwamba pale motoni alingoja niseme kitu, na langoni akangoja tena. Ameniandikia namba yake ya simu. Nipige, nimwambie ninachotaka, yaishe.

Mama Naome ni mtu mwema, lakini hajui mapenzi yanavyohitaji maandalizi. Nimemdodosa zaidi. Edisa anapika jikoni katika hospitali moja ya Fort Portal, na chakula huwapelekea wagonjwa vitandani mwenyewe.

Tangu mchana nasikia tumbo linaniuma. Hospitali ya hapa Bwera haitaliweza.